Karani Aliyehesabu kwa Lita

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu kando kwanza. Ninawajua. Kuna wengine wenu wanakopa kwa simu kabla hawajanawa uso, jioni wanakopa kwingine kulipa ile ya asubuhi, halafu wanasema maisha ni magumu. Maisha ni magumu, sikatai. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo sitawazungusha kwa maneno.

Nataka kuwaambia juu ya mtu mmoja ambaye hapa kwetu, upande wa Njoro, tulimwita Karani. Ana jina, na bado yuko hai, ndiyo maana silisemi. Kwa miaka mingi alipima maziwa yetu pale kituoni na kuyaandika. Nyumba nyingi za hapa alizisaidia kutoka kwenye madeni, yangu ikiwa mojawapo. Halafu yeye mwenyewe akapoteza shamba lake la ekari mbili kwa sababu ya deni, na kaburi la mke wake likiwa ndani. Nimesema hivyo mapema ili mtu asisome akitumaini kwamba mbele nitasema liliokolewa. Halikuokolewa. Na mimi nilikuwa na mkono katika hilo.

Kituo chetu ni kibanda cha mabati kando ya barabara. Lori la chama cha maziwa hufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini Karani alikuwa pale tangu saa kumi na moja, mvua au umande, na kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, kalamu imefungwa kwa uzi kwa kifungo cha koti ili mtu asiiazime akasahau. Gambuti zake zilikuwa na viraka vya mpira wa tyubu. Jumapili, kiatu chake ungejiona ndani yake. Hakupenda salamu ndefu. Ukimwambia, "Karani, umeamkaje, na mama je, na watoto?" alikujibu, "Mtungi kwa meza."

Maziwa aliyaonja kwa pua kabla ya kuyaweka kwenye kipimo. Siku moja mama mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, alileta mtungi, Karani akainama, akanusa, akamwangalia.

"Mama, huyu ng'ombe wako amekunywa Mto Njoro wote, watu wa chini watapika na nini?"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Yule mama akasema ni mvua iliingia. Karani akasema, "Mvua ilinyesha ndani ya mtungi peke yake, barabara imekauka?" Akamrudishia. Lakini kesho yake nilimwona amesimama na huyo huyo mama nyuma ya kibanda, anamuuliza polepole ni shida gani imemfanya aongeze maji. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mbele ya watu alikuwa mkali kama pilipili. Nyuma ya kibanda alikuwa mtu mwingine.

Mimi alinipata wakati mume wangu alikuwa amekufa na kuniachia ng'ombe wawili, watoto wanne, na madeni ambayo mengine niliyasikia siku ya mazishi. Duka la vyakula vya mifugo lilinidai. Shule ilinidai. Shailoki mmoja wa mjini, mkopeshaji wa riba kali, kijana wa kofia iliyogeuzwa nyuma mbele, alikuwa anakuja kwa pikipiki na kusimama tu pale langoni, hasemi kitu, anachezea funguo. Watoto walikuwa wakisikia pikipiki yoyote wanaingia chini ya kitanda.

Karani alikuja Jumapili moja mchana baada ya kanisa. Alikataa chai. Akasema, "Lete karatasi zote. Na zile umeficha."

"Sijaficha."

"Mama Wambui, kila mtu ameficha. Lete."

Nikaenda nikatoa mbili zilizokuwa chini ya godoro. Akazipanga mezani zote, akazinyoosha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Nikaanza kumwambia ni shilingi ngapi hapa, shilingi ngapi pale, machozi yananitoka. Akainua mkono.

"Shilingi sizijui. Wewe una ng'ombe, huna benki. Niambie lita."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na sijaona mtu mwingine akiifanya. Kila kitu alikigeuza kuwa maziwa. Kilo ya sukari ilikuwa lita tatu. Gunia la chakula cha ng'ombe lilikuwa kazi ya ng'ombe siku tano na nusu. Karo ya muhula ya kifungua mimba wangu ilikuwa maziwa ya tangu mvua za kwanza mpaka viazi vivunwe. Ukitazama shilingi elfu mbili kwa karatasi, ni namba tu. Lakini ukiambiwa ni asubuhi nne umechuchumaa chini ya ng'ombe na vidole vimekufa kwa baridi, unaishika vizuri hiyo pesa. Wambui wangu, wakati huo ana miaka kumi na mitano, aliomba kusukwa nywele kama wenzake. Karani akamuuliza bei, akafikiri kidogo, akamwambia, "Hizo nywele ni ng'ombe siku mbili. Enda umuulize ng'ombe kama amekubali." Msichana akacheka na kulia pamoja. Tulimnyoa.

Akaniambia niuze ng'ombe mmoja, yule ambaye alikuwa amepandishwa mara tatu hashiki mimba. Nikakataa. Watu wangesema nimefilisika. Akasema, "Umefilisika. Sasa ni wao tu hawajui, na huyu anakula kila siku." Nikauza. Akaniambia nilipe kwanza madeni madogo madogo, ili watu wapungue langoni nipate kupumua. Akaniambia niende mwenyewe kwa kila ninayedaiwa naye kabla hajaja, nimpe tarehe na kiasi, na kiasi kiwe kile nitaweza hata mwezi mbaya. Kanisani nitoe nilicho nacho mkononi, nisisimame kuahidi. Sukari ikatoka kwa chai miezi minane. Nyama tukaiona Krismasi. Na akaniambia neno moja ambalo nililiweka kichwani kama Amri Kumi: nisiweke sahihi kwa deni la mtu ambalo sijui lilikula nini.

Hapo lazima mwelewe jambo. Chama chetu cha maziwa kinakupa mkopo ukiwa na wadhamini watatu wa kituo chako. Ukishindwa kulipa, wao wanakatwa maziwa yao. Kwa hivyo sahihi hapa kwetu si wino. Ni chakula cha watoto. Nimeona mwanamke anapokea karatasi ya mwisho wa mwezi imeandikwa sufuri, amekamua siku thelathini, kwa sababu shemeji yake alinunua pikipiki.

Mwaka mmoja na nusu, nikatoka. Yule wa pikipiki alipokuja mara ya mwisho nilimpa pesa yake mkononi, nikamwambia, "Boss, sasa hiyo funguo chezea kwenu." Nilijiona mkubwa siku hiyo. Lakini kuna kitu katika huo mwaka na nusu ambacho sijawahi kusema, na nitakisema sasa.

Huyo ng'ombe mmoja niliyebaki naye alishika mimba. Ng'ombe akifika miezi saba unaacha kumkamua ili ndama akue. Kwa hivyo nilikaa miezi miwili sipeleki hata tone kituoni. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilienda kumwomba Karani aniombee duka linisubiri, maana nilijua sina kitu. Akanikabidhi karatasi ya malipo, hakuniangalia. Ilikuwa na namba yangu ya chama na jina langu. Lita mia mbili na kumi. Mwezi wa pili, vivyo hivyo.

Namba nazijua. Na ng'ombe wangu namjua. Karani alikuwa amechukua maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, lita saba kila siku, akayaandika kwa namba yangu. Nilikunja ile karatasi, nikasema asante kama mtu aliyepewa haki yake, nikaenda. Sikumwambia najua. Yeye hakuniambia amefanya. Karo ililipwa. Baadaye, nikiangalia nyumba nyingine za hapa ambazo zilipona wakati hazikuwa na sababu ya kupona, nikajua sikuwa peke yangu. Huyo mtu alikuwa anatugombeza kwa kilo ya sukari, na huku anatuandikia maziwa yake.

Sasa mtasema alikuwa mtakatifu. Hakuwa. Alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa cha aina mbaya, kile kinachofanana na upole. Karatasi za watu wengine alizifungua mezani. Zake alizikunja mara nne na kuziweka mfuko wa ndani wa koti. Mke wake, mama mpole aliyemletea uji kituoni kwa thamosi kila asubuhi, hakuwahi kuona hata moja. Aliniambia mwenyewe siku moja tukitoka kuchuma mboga: "Mimi nimeolewa na karani wa watu, mama. Nyumbani sina karani." Nilidhani anatania.

Huyo mama akaanza kuugua figo. Hospitali mjini Nakuru mara mbili kwa wiki, kuoshwa damu. Tukamuuliza Karani pale kituoni, mama anaendeleaje. "Ni homa ya baridi. Mtungi kwa meza." Uso umekonda, gambuti zimepasuka kabisa, homa ya baridi. Katibu wa chama akamwambia tufanye harambee. Fikirieni, kila mwanamke pale alikuwa na deni lake la moyoni kwa huyo mtu. Tungeleta. Tungeuza kuku, tungeleta. Akasema, "Harambee ya nini? Mimi ndiye nimekuwa nikiwaambia msichangechange ovyo. Nisimame sasa na kikapu?" Akakataa kabisa.

Akachukua hati ya shamba akaipeleka kwa mkopeshaji mjini. Hakumwambia mtu. Pesa ya hati ilipopungua akaanza mikopo ya simu, huyu analipa yule, yule analipa mwingine. Huyo aliyetufundisha. Kila alichotukataza alikifanya, kimoja kimoja, kana kwamba alikuwa amekiandika mahali ili asisahau.

Mama akafa. Na hapo, badala ya kuacha kamati ya mazishi ichange kama desturi, akasema atamzika mke wake mwenyewe. Alikodi mahema. Alichinja fahali wawili, wote wa deni. Watu walikula, wakasema kweli Karani alijiwekea akiba. Mimi nilikula pia. Nilichukua kipande cha pili.

Haukupita mwaka, watu wawili wa suti wakapita langoni kwangu wakiuliza nyumba ya mzee wa maziwa iko wapi. Wakapita tena, na mara hii wana kamba ya kupimia. Hapa kwetu kamba ya kupimia inajieleza.

Karani alikuja kwangu siku ya Alhamisi, mchana. Mara hii alikubali chai lakini hakuinywa. Akatoa karatasi ya chama, ile ya mkopo.

"Mama Wambui, chama kinaweza kumlipa huyu mtu wa mjini kabla ya mnada. Halafu mimi nikatwe maziwa polepole. Wawili wameweka sahihi. Nakosa mmoja."

Niliiangalia ile karatasi. Wakati huo nilikuwa na ng'ombe watatu na mjukuu niliyekuwa namsomesha ufundi chuoni, mtoto wa Wambui. Nikamuuliza, "Karani, kwa jumla unadaiwa pesa ngapi?"

"Hii tu."

"Hii tu?"

"Hii tu, mama."

"Na wale wa simu? Na wa fahali? Na duka?"

Akaangalia kikombe. "Hayo ni mambo madogo. Hii ndiyo iko na shamba."

"Nitajie hayo madogo. Nitajie kwa lita."

Akakizungusha kikombe polepole. Nilimngoja. Nilikuwa na hasira, sijui ya nini, nafikiri ni hasira ya kuona mtu mkubwa amekuwa mdogo mbele yako. Kama angetaja moja moja ningeweka sahihi, hivyo ndivyo nimejiambia miaka hii. Nikasukuma karatasi kwake kwa kidole.

"Wewe ndiye uliniambia nisiweke sahihi kwa deni ambalo sijui lilikula nini."

Akaichukua, akaikunja mara nne. Mlangoni akasimama, akavaa kofia yake, akasema bila ubaya wowote, "Basi nilikufundisha vizuri."

Hakuenda kwa mtu mwingine. Sijui kama ni aibu au ni kuchoka. Mnada ulifanyika, na shamba lilichukuliwa na mtu wa mbali ambaye amelima ngano mpaka karibu na kaburi. Ameacha mahali pa kaburi, si mtu mbaya. Lakini hakuna njia ya kulifikia isipokuwa ukanyage ngano. Chama kilimstaafisha Karani, kwa sababu karani mwenye madeni hawezi kuachiwa kitabu. Sasa kituoni kuna msichana na mashine inayotoa karatasi yenyewe. Hanusi maziwa. Anasalimu tu, "Sasa, mathe," na ukienda huwezi kumuuliza chochote.

Karani akaondoka. Watu walisema yuko kwa binti yake, wengine wakasema amekufa.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, yule wa ufundi, alipata kazi Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Kandarasi ya mwaka mmoja, lakini ni kazi. Akasema lazima anipeleke Kikopey nikale nyama, yeye analipa. Nikaenda na watu wote wa nyumba, tumevaa vizuri. Tukafika kwenye bucha moja, mjukuu akatutafutia meza, mimi nikaenda kuchagua nyama mwenyewe kwa sababu vijana wanauziwa mifupa.

Kwa mizani alikuwa amesimama mzee mwenye koti jeupe na kofia ya sufu. Anapima, anaandika, anampa mteja karatasi. Kalamu imefungwa kwa uzi.

Nilisimama mbele ya mizani. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Mama Wambui. Unataka mbavu au mguu?"

"Karani."

"Mbavu ziko sawa leo. Mguu ni wa jana."

Nikasema mbavu, kilo tatu. Akapima. Mshale ulisimama palepale. Nikamuuliza analala wapi, akasema kuna chumba nyuma, na anakatwa kidogo kwa chumba, na bado anakatwa kwa yale madeni mengine. "Sitamaliza," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nimepiga hesabu. Nitakufa kabla."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili wanangoja. Nikajua nikiondoka hapo sitarudi.

"Ile miezi miwili," nikasema. "Ng'ombe wangu alikuwa amekauka. Lita mia nne na ishirini. Nilijua."

"Najua ulijua. Wewe si mtu wa kutojua ng'ombe wako."

"Mbona hukusema, siku ile ulikuja na karatasi? Ungeniambia hivyo tu, ningeweka sahihi."

Akafunga nyama kwa karatasi, akaifunga vizuri, pembe kwa pembe.

"Nilingoja useme wewe," akasema. "Si ulipe. Sikuandika ili nilipwe. Useme tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuona unakuja na mtungi, nasema labda leo. Nikaona kumbe mtu mzima hawezi kusema. Na mimi ni mtu mzima pia, mama." Akaniangalia mara moja. "Huyo nyuma yako ana haraka."

Nilitoa noti niliyokuwa nayo, nikataka kumshikisha. Akarudisha mkono wangu kwa upole, akamwambia yule mtu wa nyuma, "Karibu, boss, ngapi?" Na hivyo ndivyo nilivyoachana naye.

Nyama ilichomwa, ikaletwa na kachumbari na ugali. Kipande changu nilikiacha kwenye sahani. Mjukuu wangu alikuwa anacheka na kuwahudumia wenzake, na simu yake mezani ikawa inalia meseji, moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Kila ikilia anaitazama haraka na kuigeuza uso chini. Nikaona ule mkono wa kuficha. Nikamuuliza, "Ni nani anakusumbua hivyo?"

"Ni marafiki, shosho. Kula, nyama inapoa."

Mwangaza wa simu uliwaka tena pembeni, nikaona namba tu na neno moja, *lipa*, kabla hajaifunika. Hiyo nyama tuliyokuwa tunakula ililipwa na nini, na mshahara wake wa kwanza ulikuwa bado haujafika? Sikusema kitu pale. Kulikuwa na watu, na mizani ilikuwa karibu.

Tulifika nyumbani jua likiwa linashuka. Nikakaa kiti cha marehemu mume wangu, nikawaita wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, Wambui, mume wake, watoto, hata yule aliyesema anaenda kulala. Nikawaambia hivi:

"Zimeni televisheni. Wekeni simu zote mezani, uso juu. Hakuna atakayeonja chakula ndani ya nyumba hii usiku wa leo, wala kesho, kabla hajasema mbele yetu anadaiwa nini, na nani, hata kama ni shilingi mia mbili, hata kama ni kitu ambacho hakuna mtu amekuja kukidai. Anayetaka kulia alie, lakini aseme. Nitaanza mimi."